Poda ya kupimiwa, kopo la dukani au sahani ya nyumbani: mwanamichezo wa huku kwetu achague vipi protini na virutubisho?

Mwanzilishi wa uzi (kocha wa raga ya vijana, Kisumu)

Ndugu zangu, nimefungua uzi huu kwa sababu ya swali ambalo daktari aliniuliza nikakosa jibu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, vijana wangu wakipasha misuli kabla ya mechi, pale mchezaji mmoja wa pembeni mwenye umri wa miaka 19 alipoanza kutetemeka mikono, akatapika, kisha akasema kwamba moyo unamdunda hadi anausikia masikioni. Tulimkimbiza hospitalini. Daktari alimpima mapigo na umeme wa moyo, halafu akanigeukia na kuniuliza, "Kocha, kijana huyu amekula nini?" Mwenzake alitoa mfukoni kijifuko cha plastiki chenye mabaki ya unga wa rangi ya waridi, ambacho hakikuwa na jina, wala lebo, wala tarehe. Kijana alikuwa amepimiwa unga huo katika ukumbi wa mazoezi, vijiko viwili kwa pesa ya nauli, akaambiwa kuwa ni wa kumpa nguvu uwanjani. Daktari alisema kwamba angetibu dalili tu, kwa kuwa kilichozisababisha hakijulikani. Jioni kijana aliruhusiwa kurudi nyumbani, na ninamshukuru Mungu kwa hilo, lakini swali lile halijanitoka.

Tangu siku hiyo timu yangu ina sharti moja: mchezaji asimeze kitu ambacho hawezi kumtajia daktari kwa jina, kwa kiasi na kwa nambari ya bechi, yaani fungu lililotengenezwa pamoja kiwandani. Ninaomba tulijadili sharti hili kwa kina, kwa sababu biashara ya kupimia poda kwa kijiko imeenea, na ninaelewa kwa nini. Kopo zima ni ghali kuliko uwezo wa kijana anayebeba mizigo soko la Kibuye mchana na kufanya mazoezi jioni, na sisi tumezoea kununua mafuta, sukari na sabuni kwa vipimo vidogo. Hata hivyo, mafuta ya kupikia unayaona na kuyanusa, ilhali poda inapoondolewa kwenye kopo lake hupoteza kila kitu ambacho kingekusaidia kuitambua: orodha ya viambato, kiasi cha kafeini, tarehe ya mwisho wa matumizi, nambari ya bechi na jina la kiwanda. Anayekupimia anaweza kuwa mkweli kabisa na bado asijue alichonacho, kwa maana naye pengine alipimiwa na mwingine.

Kabla ya kuzungumzia makopo, inafaa kila mtu ajiulize kama anahitaji poda hata kidogo. Mtu mzima asiyefanya mazoezi mazito anahitaji takribani gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwanamichezo huhitaji zaidi, na wataalamu wengi wa lishe ya michezo hutaja kati ya gramu 1.2 na 2.0 kwa kilo, kulingana na aina na uzito wa mazoezi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kwa wanaonyanyua vyuma, faida ya kuongeza protini kwa ajili ya misuli hupungua sana mtu anapopita takribani gramu 1.6 kwa kilo. Mchezaji wa kilo 70 anapolenga kiwango hicho, anahitaji gramu 112 kwa siku.

Nilikaa na yule kijana baada ya kupona tukahesabu sahani yake. Mayai mawili asubuhi humpa takribani gramu 12. Nusu lita ya maziwa, yawe freshi au lala, humpa gramu 16. Vikombe viwili vya maharagwe yaliyopikwa huleta karibu gramu 30, na samaki wa jioni, akiwa ngege mwenye nyama ya gramu 150 baada ya kupikwa, huleta karibu 39. Hapo tumefika 97 kabla ya kuhesabu ugali, ambao nao una protini yake ijapokuwa ni ya ubora wa chini. Siku ambayo samaki ni ghali, omena kavu gramu 50 hutoa zaidi ya gramu 25 za protini pamoja na kalsiamu, kwa kuwa unamla mzima na mifupa yake. Kijana alishangaa. Alikuwa akitumia pesa za mayai kununulia poda, huku asubuhi akinywa chai ya rangi peke yake.

Sisemi kwamba poda haina kazi. Anayemaliza mazoezi saa tatu usiku akiwa mbali na jiko, anayeshindwa kula baada ya mbio ndefu, asiyeweza kupata chakula cha kutosha kwa sababu ya ratiba ya kazi, watu hao poda nzuri huwasaidia, na protini yake haijaonekana kudhuru figo zenye afya. Poda ya protini ni chakula kilichokaushwa. Ile ya wei hutokana na majimaji yanayobaki maziwa yanapogandishwa kutengeneza jibini. Daraja la kawaida huwa na protini asilimia 70 hadi 80, na daraja lililochujwa zaidi hufikia asilimia 90 au kupita, nalo huwa na laktosi, yaani sukari ya maziwa, kidogo sana. Jambo hili la laktosi lina uzito kwetu, kwa sababu watu wazima wengi Waafrika hawaimengʼenyi vizuri, na mchezaji anayelalamika kujaa gesi na kuhara kila anapokunywa poda huenda hana ugonjwa wowote ila hiyo laktosi. Kaseini nayo hutokana na maziwa yaleyale lakini husagika polepole tumboni, na zipo pia za soya, njegere na mchele.

Ukiwa na kopo mkononi, tazama kwanza hesabu mbili: uzito wa kipimo kimoja na gramu za protini zilizomo. Kipimo cha gramu 30 chenye protini 23 kinaeleweka. Kipimo cha gramu 40 chenye protini 15 kina maana kwamba unanunua sukari, unga na ladha kwa bei ya protini. Kisha soma viambato. Ukiona glisini au taurini zimeongezwa katika poda inayojiita ya wei tupu, jihadhari. Maabara nyingi hukadiria protini kwa kupima naitrojeni, na asidi amino hizo za bei nafuu huongeza naitrojeni bila kuongeza protini kamili. Udhaifu huohuo wa kipimo ndio uliotumiwa na walioweka melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, kwenye maziwa nchini China, kashfa iliyofichuka mwaka 2008 baada ya watoto wachanga wapatao 300,000 kuugua na sita kufariki.

Nitakoma hapo kwanza ili nisikie kutoka kwenu.

Mchangiaji kutoka Nakuru

Kocha, shikamoo na pole kwa yaliyompata kijana. Mimi hufanya mazoezi ya vyuma hapa Nakuru na nimetumia kreatini, ile poda ya kuongeza nguvu za misuli, kwa mwaka mzima kutoka kopo lililofungwa. Mwezi uliopita nilipimwa damu nikaambiwa kreatinini yangu iko juu kidogo, na jamaa zangu wote sasa wananiambia nimejiharibia figo. Je, niache?

Mwanzilishi wa uzi

Marahaba, ndugu yangu. Swali lako ni la daktari, na kwake ndiko unakopaswa kurudi, lakini urudi na habari kamili. Kreatini ya kawaida, ile inayoitwa monohaidreti, ni miongoni mwa virutubisho vilivyochunguzwa kwa muda mrefu zaidi katika michezo, na kwa mtu mzima mwenye afya, gramu 3 hadi 5 kwa siku hazijaonekana kudhuru figo. Mwili hubadilisha kreatini kuwa kreatinini, ambayo ndiyo maabara huitumia kukadiria kazi ya figo. Kwa hiyo anayetumia kreatini, au mwenye misuli mingi, anaweza kuonyesha kiwango cha juu kidogo bila figo kuwa na tatizo. Vilevile inawezekana tatizo likawepo kweli, na huwezi kutofautisha hali hizo mbili kwa kujitazama kwenye kioo. Mwambie daktari jina la bidhaa, kiasi na muda ulioitumia. Anaweza kukuagiza usimamishe kwa wiki kadhaa na kupima tena, au kutumia kipimo kingine cha damu au mkojo. Ikiwa una shinikizo la damu, kisukari au historia ya ugonjwa wa figo katika familia, ungepaswa kuuliza kabla ya kuanza.

Mama wa mwanafunzi, Kakamega

Kocha, mwanangu ana umri wa miaka 16, yuko shule ya bweni na anacheza raga. Amerudi likizo akitaka nimnunulie kopo kubwa la poda ya kuongeza uzito, akisema wenzake wote wanaitumia na bila hiyo hataingia kikosi cha kwanza. Baba yake anasema tumnunulie ili kijana asivunjike moyo. Mimi roho yangu haijatulia.

Mwanzilishi wa uzi

Mama, asante kwa kuuliza kabla ya kulipa. Geuza kopo hilo usome viambato. Mara nyingi utakuta kwamba cha kwanza ni maltodekstrini, yaani wanga uliovunjwavunjwa ukawa karibu na sukari, kwa kuwa viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi. Kijana wako ataongeza uzito, naam, kwa sababu anakula nishati nyingi, lakini nishati hiyo unaweza kumpa kwa glasi ya maziwa, ndizi mbivu, siagi ya karanga na uji mzito, kwa gharama ya chini sana, na ndani yake kuna madini na vitamini ambazo wanga mtupu hauna.

Umri wake ndio unaonifanya niseme bila kusitasita. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani huwashauri vijana waepuke vitu vya kuongeza uwezo wa kimichezo, kreatini ikiwemo, kwa kuwa usalama wake kwa miili inayokua haujachunguzwa vya kutosha. Mwambie kijana kwamba mwili wa miaka 16 bado unajenga misuli kwa homoni zake wenyewe, na kwamba usingizi anaoukata ili asome usiku wa manane unamdhoofisha uwanjani. Na ukiona vidonge vyovyote vya kunenepesha mkobani mwake, mpeleke kwa daktari. Katika baadhi ya vidonge hivyo vinavyouzwa mikononi bila cheti cha daktari kumepatikana deksamethasoni, dawa yenye kazi muhimu hospitalini ambayo ikitumiwa kiholela huvimbisha uso, hupandisha sukari na shinikizo la damu na hupunguza kinga. Tena haifai kuikatiza ghafla baada ya kuitumia kwa muda mrefu, kwa hiyo usimnyangʼanye tu ukadhani umemaliza.

Mwanafamasia, Kisumu

Ninaunga mkono aliyoyasema kocha, na ningependa kuongeza jambo ambalo wateja wangu hulichanganya kila wiki. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, ni ya maana, na nambari ya kibali iliyo chini yake unaweza kuithibitisha kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Hata hivyo, alama hiyo inahusu viwango vya bidhaa, na haimaanishi kwamba kila bechi imepimwa dhidi ya orodha ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni. Bidhaa inayoahidi kutibu ugonjwa, kuongeza homoni au kuyeyusha mafuta kwa siku kumi imetoka katika mipaka ya chakula, na dawa nchini husimamiwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Wapo pia wanaoamini kwamba kitu kikitoka Marekani basi kimekaguliwa na serikali ya huko. Chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1994, virutubisho vya ziada havihitaji idhini kabla ya kuingia sokoni, na serikali huingilia kati baada ya madhara kujitokeza. Ndivyo ilivyokuwa kwa efedra, mmea wa kuchangamsha mwili, ambayo ilipigwa marufuku huko mwaka 2004 ikiwa tayari imeuzwa kwa miaka mingi.

Mkimbiaji, Nandi

Mimi ninakimbia mbio za barabarani na ninalengwa na wapimaji wa dawa zilizopigwa marufuku michezoni. Meneja mmoja ananisukuma nitumie poda ya kurejesha misuli. Ninaogopa pufya, yaani kukutwa na dawa hizo mwilini, kuliko ninavyoogopa kushindwa. Kuna poda iliyo salama kwa mtu kama mimi?

Mwanzilishi wa uzi

Hofu yako ina msingi, na ningependa uishikilie. Kanuni ya michezo inasema kwamba mwanariadha anawajibika kwa kila kinachopatikana katika mwili wake, hata kama hakukusudia na hata kama alipewa na kocha, meneja au daktari. Huko Cologne, Ujerumani, watafiti walipima virutubisho 634 visivyo vya homoni, vilivyonunuliwa katika nchi 13 kati ya mwaka 2000 na 2001, wakakuta kwamba 94, karibu asilimia 15, vilikuwa na vitu vya jamii ya steroidi, yaani homoni za kujenga misuli, ambavyo lebo haikuvitaja. Wakati mwingine ni udanganyifu wa makusudi ili mteja aone matokeo ya haraka, na wakati mwingine ni mashine iliyochanganya bidhaa moja asubuhi na nyingine mchana bila kusafishwa sawasawa. Kwako wewe matokeo ni yaleyale: unaweza kufungiwa hadi miaka minne. Ukithibitisha kwamba bidhaa ilichafuliwa, adhabu inaweza kupunguzwa, lakini mzigo wa kuthibitisha uko mabegani mwako, na huwezi kuubeba ikiwa ulipimiwa kwenye kijifuko.

Hakuna anayeweza kukuapia kwamba poda fulani ni salama kwa asilimia 100, na ADAK, shirika la Kenya la kupambana na pufya lililoundwa chini ya sheria ya mwaka 2016, limekuwa likiwaonya wanariadha wetu kuhusu jambo hilo. Kinachoweza kufanyika ni kupunguza hatari. Iwapo wewe na mtaalamu wa lishe mmekubaliana kwamba chakula hakitoshi, tafuta bidhaa yenye muhuri wa Informed Sport au wa NSF Certified for Sport, ambayo hupimwa na maabara huru isiyomilikiwa na kiwanda. Usitosheke na picha ya muhuri iliyochapishwa kwenye kopo, kwa kuwa picha ni rahisi kuiga. Soma nambari ya bechi iliyo chini ya kopo, ingia kwenye tovuti ya walioutoa muhuri, uhakikishe kwamba bidhaa hiyohiyo na bechi hiyohiyo imeorodheshwa. Ikikosekana, usiinunue hata kama muuzaji ni rafiki. Ukiipata, piga picha ya lebo na bechi, tunza risiti, na poda inapokaribia kwisha hifadhi kiasi kidogo ndani ya kopo lenyewe kwa miezi kadhaa.

Kaa mbali zaidi na jamii mbili. Ya kwanza ni poda za kuchangamsha kabla ya mazoezi, zilizo kama ile iliyomwangusha kijana wangu. Kafeini yenyewe iliondolewa katika orodha ya marufuku mwaka 2004, na mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya huichukulia miligramu 400 kwa siku kuwa kiasi kisicho na wasiwasi kwa mtu mzima mwenye afya. Kijiko kimoja cha baadhi ya poda hizi, hata hivyo, hubeba nusu ya kiasi hicho au zaidi, na vijana huilamba kavu, vijiko viwili kwa mpigo. Mbaya zaidi, katika baadhi yake kumepatikana DMAA, kichangamshi kinachobana mishipa ya damu na ambacho WADA, shirika la dunia la kupambana na pufya, imekipiga marufuku mashindanoni. Jamii ya pili ni chochote kinachoahidi misuli ya haraka kama ya steroidi "bila kuwa steroidi". Humo ndimo mnamopatikana ostarini na jamaa zake, ambazo hazijaidhinishwa kuwa dawa na zimepigwa marufuku wakati wote, ndani na nje ya mashindano.

Meneja wako mwambie kwa heshima akuonyeshe bechi. Asipoweza, umepata jibu.

Mchangiaji kutoka Bungoma

Nimesoma yote nikaona afadhali nisage unga wangu mwenyewe wa soya, njugu na omena. Mimea haina dawa zilizofichwa, au nimekosea?

Mwanzilishi wa uzi

Hujakosea kuhusu dawa, ila mimea ina mambo yake, nayo hunyonya kilicho udongoni. Mwaka 2025 jarida la Consumer Reports la Marekani lilipima poda na vinywaji 23 vya protini, na zaidi ya theluthi mbili zilikuwa na madini ya risasi katika kipimo kimoja kupita kiwango ambacho wataalamu wake wanakihesabu kuwa salama kwa siku. Kiwango hicho chao ni cha chini kuliko cha taasisi nyingine, kwa hiyo mtu asiingiwe na hofu kwa kikombe kimoja, lakini zile za mimea zilikuwa na risasi nyingi kuliko zile za maziwa. Anayekunywa mara tatu kila siku kwa miaka ana sababu ya kupunguza.

Kwa unga wako wa nyumbani, adui mkubwa ni sumukuvu, yaani aflatoksini itokanayo na ukungu, hasa kwenye njugu na mahindi. Mwaka 2004 sumu hiyo, kupitia mahindi, iliua watu 125 katika eneo la mashariki mwa nchi yetu, na kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Kuikaanga njugu hupunguza sumu hiyo lakini hakuimalizi. Kwa hiyo chambua njugu moja moja, utupe zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye rangi ya ajabu au ladha chungu. Kaanga soya vizuri kabla ya kuisaga, kwa sababu soya mbichi huzuia mwili usisage protini. Omena ichekeche mchanga, uioshe, uikaushe hadi ivunjike mkononi. Saga kidogo kidogo, kiasi cha wiki mbili, uhifadhi mahali pakavu, na uandike tarehe kwenye mkebe.

Mama wa mwanafunzi, Kakamega

Kocha, nimemsomea baba yake uzi huu wote. Tumekubaliana kwamba pesa za kopo zitanunua trei za mayai na maziwa likizo nzima, na kijana amekubali kwa sharti kwamba tumpime uzito kila Jumapili. Alitukabidhi pia kijifuko alichokuwa nacho. Kina vidonge vyeupe visivyo na jina, na anasema amevimeza kwa wiki tatu.

Mwanzilishi wa uzi

Mama, usivitupe, na usimkatize leo usiku. Kesho asubuhi mpeleke hospitalini pamoja na kijifuko hicho, umweleze daktari ni vingapi kwa siku na ni tangu lini. Kisha utuandikie hapa anaendeleaje.